Apolinari anachagua spika kwa masikio ya mkewe

Saa nne asubuhi, katika kibanda cha fundi mmoja karibu na soko la Masasi, gitaa linalia. Apolinari Nandonde amekaa juu ya kreti la soda, gitaa mapajani. Mbele yake kuna boksi la mbao lenye matundu mawili makubwa, na kwenye tundu moja fundi ameshikiza spika kwa skrubu mbili, ya kujaribia tu.

Mtu anayechagua spika hutega sikio. Apolinari hategi. Amemkazia macho mke wake, Justina, aliyesimama mlangoni na mkoba kwapani.

"Hiyo vipi, Mama Careen?"

Justina anatikisa kichwa. Fundi Khalfan anachukua bisibisi, anafungua skrubu zake mbili. Hiyo ni ya tatu tangu wafike.

Apolinari ana miaka sitini na miwili, na masikio yamemtupa mkono. La kushoto bado linashika maneno ukilisogelea na kupaza sauti. La kulia limebaki pambo. Sauti nene anazipata pata, lakini zile nyembamba hazimfikii tena: ndege asubuhi, kengele ya baiskeli, na nyuzi tatu nyembamba za gitaa lake mwenyewe.

Desemba hii binti yake wa pekee, Careen, mwalimu wa shule ya msingi Nanganga, anaolewa nyumbani Newala. Baba aliahidi kumpigia wimbo alioutunga wiki aliyozaliwa. Na wimbo huo, kwa bahati mbaya, wote uko kwenye nyuzi nyembamba.

Tangu kijana, Apolinari amekuwa mpiga gitaa wa kwaya ya kigango chao, nje kidogo ya mji wa Newala. Lakini gitaa halikuwahi kumlisha. Kilichomlisha ni mikorosho ya watu. Kila Juni mpaka Agosti, kwa misimu ishirini na saba, alibeba mgongoni mashine ya kupulizia salfa na kupita shamba kwa shamba. Msimu ukiwa mzuri alibakiwa na laki tano, pengine sita, na kwa hizo Careen amesoma mpaka chuo cha ualimu.

"Injini inakaa hapa," anasema, akigonga nyuma ya bega la kulia. "Inaunguruma kutwa nzima. Ukilala bado unaisikia. Pua tulikuwa tunaziba kwa kitambaa, kwa ajili ya salfa. Macho tulikuwa tunayakinga. Masikio nani aliyakumbuka?"

Anacheka. Mkewe hacheki.

Boksi lenyewe alilitengeneza mwaka 2001, kwa mbao za mninga zilizobaki alipomaliza mlango wa nyumba. Alilipiga gundi na skrubu, hakuna msumari hata mmoja, mgongo akauacha wazi nusu ili sauti ipumue. Spika mbili za inchi kumi na mbili alizinunua kwa bendi iliyovunjika Masasi. Waliolisikia wanasema lilikuwa na sauti laini, yenye machozi kidogo. Kwenye misiba wenzake walimwomba apige taratibu, maana akikolea, watu walioanza kunyamaza wanalia upya.

Lililoziua spika zile ni jambo ambalo mtu wa kwingine atalishangaa, ila Newala litaeleweka mara moja. Mwaka huu maji yalisumbua mapema. Justina akaongeza mapipa mawili, na mapipa ya maji Newala hayalazwi nje, maji yatachotwa na wezi usiku. Yakaingia sebuleni. Sebule ni ndogo, kwa hiyo boksi likatoka, likahamia stoo.

Stoo kulikuwa na mifuko ya salfa, mmojawapo umetoboka.

Miezi mitatu boksi lilikaa na mgongo wake wazi karibu na unga ule wa njano, mlaini kuliko poda ya mtoto. Unga ukaingia nyuma ya spika, ukajipenyeza kwenye mwanya mwembamba kati ya sumaku na koili ya waya. Kila Jumapili Apolinari alilifuta kwa kitambaa kwa nje, akalipakia kwenye toroli mpaka kanisani, akapiga. Koili zikawa zinasuguana na unga, zinakwaruza.

Kanisa zima lilisikia mkwaruzo. Yeye hakusikia.

"Nilimwambia mara mbili kwamba linakwaruza," anasema Justina. "Akaniambia ni waya wa gitaa. Akanunua waya mpya, akaniuliza, si umeona tofauti? Nikasema nimeona. Mungu anisamehe, sikuona tofauti yoyote."

Mwezi Agosti spika ya kwanza ilinyamaza kabisa. Ya pili ikafuata wiki mbili baadaye.

Apolinari akapanda gari peke yake kwenda Masasi kwa fundi Khalfan, kijana wa miaka thelathini na minne, mzaliwa wa Newala, anayeuza spika mpya na za mtumba. Akajaribu moja baada ya nyingine, akachagua mbili zilizomfurahisha sana. Zilikuwa spika za matangazo, zile zenye koni ndogo ya pili katikati, zinazotengenezwa ili sauti ya mtu ipenye sokoni.

Furaha ile ilikuwa na sababu. Ndizo pekee zilizomletea zile nyuzi nyembamba masikioni.

Khalfan alijua pale pale kwamba mzee anakosea. Anasema hivyo huku akikwangua gundi iliyokauka kwenye kucha.

"Zilikuwa kali mno, zinakata kama wembe. Gitaa halitaki vile. Lakini ningemwambiaje? Mzee yule nimezaliwa namkuta anapiga. Boksi lake ndilo lililonifanya nipende kazi hii. Nikajisemea, huyu anajua kuliko mimi, labda kuna kitu anakitafuta. Nikamfungia kwenye mfuko, nikamshika mkono, nikamwambia safari njema."

Jumamosi iliyofuata palikuwa na mazoezi ya kwaya. Apolinari aliwasha boksi, akapiga utangulizi. Waimbaji wa mstari wa mbele wakaziba masikio. Mwalimu wa kwaya, Felix, akasogea taratibu akapunguza sauti. Apolinari akahisi imepotea, akainuka, akaiongeza. Felix akapunguza. Apolinari akaongeza. Mara ya tatu Apolinari alikuwa anatabasamu, akidhani mwenzake anamtania.

Watoto waliokuwa wanacheza nje walikuja kuchungulia dirishani, mikono masikioni, wanacheka.

Hapo Justina, anayeimba sauti ya pili katika kwaya hiyo, alitoka kwenye mstari. Akapita mbele ya watu wote, akachomoa waya ukutani.

"Nilimuaibisha," anasema. "Najua nilimuaibisha. Lakini ningewaacha waendelee kumcheka mume wangu?"

Nyumbani alimkalisha kitini, akainama mpaka kwenye sikio lake la kushoto, akamwambia yote. Kwamba amejua kwa miaka minne kuwa masikio yake yanakwisha. Kwamba watu wakimsalimu kwa nyuma ni yeye anayeitikia marahaba kwa niaba yake, wasidhani anaringa. Kwamba simu za Careen huwa anazipokea yeye kwa kisingizio cha umbea wa kina mama. Kwamba ameifanya kazi hiyo ya kumficha mpaka imemchosha roho.

Apolinari alikaa ndani siku tatu. Siku ya nne alioga, akavaa shati la kanisani, akasema twende Ndanda.

Hospitalini Ndanda walimwingiza kwenye chumba kidogo, wakamvika vifaa vya masikioni, wakampa kitufe cha kubonyeza kila atakaposikia mlio mwembamba.

"Nilikaa nangoja waanze," anasema. "Nikangoja. Nikasema moyoni, hawa vijana wa siku hizi ni wazito kweli. Mara mlango ukafunguliwa, nesi akaniambia, tumemaliza, baba."

Anajifanya anakaza uzi wa gitaa usiohitaji kukazwa.

Waliompima hawakumzungusha. Kilichokufa ndani ya sikio hakifufuki. Vipo vifaa vya kuvaa vitakavyomsaidia kusikia watu wakizungumza, lakini vyote viwili vinapita milioni moja, na hata navyo gitaa halitarudi kuwa lile analolikumbuka. Apolinari aliuliza swali moja tu: Je, haya masikio yaliyobaki yatafika Desemba? Akajibiwa yatafika, asikaribie tena mashine. Mashine ameshaiuza.

Ndiyo maana leo wamekuja wawili. Zile spika kali Khalfan amezipokea bila ubishi, na amekataa kusikia habari ya kuongezewa chochote. "Kosa ni langu pia," anasema.

Ya kwanza aliyowajaribishia asubuhi hii ilikuwa ya gari, yenye ukingo wa mpira na sumaku nzito kama jiwe la kusagia. Vijana wanaipenda kwa ajili ya mdundo. Gitaa lilitoka humo kama mtu anayezungumza huku amefunikwa blanketi. Ya pili ilikuwa mpya, inang'aa, ila Justina alisema inatoa sauti ya puani. Ya tatu ndiyo hiyo aliyoitikisia kichwa.

Sasa Khalfan anapanda kwenye kigoda, anashusha kutoka rafu ya juu spika mbili zilizofungwa kwenye gazeti. Zilitoka kwenye kinanda cha umeme cha zamani cha shule fulani. Sumaku zake ni ndogo. Karatasi za koni zimefifia, na ukingo wake hauna mpira, ni karatasi ile ile iliyokunjwa kunjwa.

"Nilikuwa naona aibu kukutolea hizi, mzee. Zimechakaa kwa sura."

"Lete."

Khalfan anagusisha betri ya redio kwenye waya wa spika. Karatasi inaruka mbele kidogo na kurudi. Kipimo chake cha umeme kinasoma omu karibu saba, kama inavyotakiwa. Kisha anataka kuisukuma karatasi kwa vidole asikilize kama kuna mkwaruzo, lakini Apolinari anamshika mkono.

"Hiyo niachie."

Anaiweka spika mapajani, anafumba macho, anatandaza vidole vyote kumi kwenye karatasi na kuisukuma ndani polepole. Mkwaruzo ukiwepo, vidole vitauhisi. Anarudia mara nne kwa kila spika. Katika kibanda kile, kwa dakika hizo, yeye ndiye fundi tena.

"Safi," anasema. "Funga."

Anapiga. Ni ule wimbo wa Careen, ingawa Khalfan haujui. Unaanza kwa kupanda, unasita, unashuka kwa hatua ndogo ndogo kama mtoto anayejifunza kuteremka ngazi. Muuza nyanya wa nje anaacha kupanga mafungu yake.

Justina anaweka mkoba chini. Anajifunika uso kwa ncha ya kitenge, mabega yanamcheza.

Apolinari anasimamisha vidole. "Mbaya?"

Mkewe anatikisa kichwa, anakuja, anapiga magoti kwenye sakafu yenye vipande vya waya, mdomo kwenye sikio lake la kushoto.

"Ndiyo yenyewe, Baba Careen. Imerudi."

"Inaliaje? Niambie."

Justina anatafuta maneno. Si mtu wa maneno mengi. "Inalia kama ulivyokuwa unapiga kibarazani, mimi nimelala ndani na mtoto. Laini vile vile. Hainiumizi popote."

Apolinari anapiga tena, na safari hii anainama mpaka shavu linakaribia kugusa mninga. Anakaa hivyo muda mrefu. Anapoinuka, uso wake umebadilika, na yeyote aliye kibandani anaona kwamba hakupata alichokifuata mle ndani.

"Inavuma kwa mbali tu," anasema. "Kama redio ya jirani wa tatu. Zile kali nilikuwa nazisikia. Haki ya Mungu nilikuwa nazisikia kabisa, kila uzi."

Khalfan ameinamisha kichwa, anahesabu skrubu ambazo hazihitaji kuhesabiwa.

"Nikifunga zile, nasikia mimi, watu wanaziba masikio," anaendelea. "Nikifunga hizi, wanasikia wao, mimi siambulii kitu." Anafuta vumbi kwenye boksi kwa kiganja. "Basi. Funga zote mbili, fundi. Funga skrubu nane nane."

Mipango ya Desemba wameshaipanga. Felix ndiye atakayeshika kitufe cha sauti, na safari hii Apolinari ameapa kutokigusa. Justina atasimama anapoonekana. Mume akienda mbio, atashusha mkono. Akipotea njia, ataimba maneno kwa midomo, naye atamsoma.

Careen amekwishaambiwa. Alilia, kisha akampigia baba yake kwa video ili amwone midomo, akamwambia taratibu, neno kwa neno, asijitese, wanaweza kuurekodi wimbo kwa mpiga gitaa mwingine au kuweka muziki wa simu kama wafanyavyo wengine. Baba alimjibu kwamba muziki wa simu utapigwa baada yake, watu wakishaanza kula.

Nje ya kibanda, wakati boksi linapakiwa kwenye gari la kupanda Newala, anaulizwa, kwa sauti ya juu, upande wa kushoto, kama haitamuuma kukaa mbele ya watu wote na kupiga wimbo asiousikia.

Anafikiri kidogo, mkono mmoja ukiwa bado juu ya boksi.

"Itaniuma," anasema. "Itaniuma sana. Lakini mimi nilishausikia, miaka ishirini na sita naupiga. Siku hiyo ni mwanangu anayeondoka nyumbani. Ausikie yeye, aondoke nao."