Chai ya Mama na Nyangumi wa Kaskazini

Jumamosi nilipita Langley Park, mtaa niliokulia hapa Amerika, kununua unga wa sembe, nikakuta ile paking ya nyuma ya majengo yetu ya zamani imezungushiwa uzio kwa sababu ya ujenzi wa reli. Basi nikasimama pale na unga wangu, uso ukaniwaka moto. Waliopita waliona dada anaangalia vifusi. Mimi nilikuwa naona gari la jirani limeegeshwa, mlango wa nyuma uko wazi, na kina mama wanabishana sufuria ikae wapi. Mwenzangu, kuna aibu haizeeki.

Ngoja nikueleze vizuri. Mama yangu ni mtu wa Njombe, mlimani kwenye baridi, hakuwahi kuona bahari mpaka anakuja Amerika. Siku hizo alikuwa anahudumia wazee majumbani kwao, na wenzake wa kazi hiyohiyo, Watanzania na Wakenya, walikuwa na kikundi. Kila kiangazi kikundi kilisafiri kaskazini, mbali, kupita Boston, mpaka kwenye bandari moja ndogo, wakapande boti ya kwenda kuangalia nyangumi. Wazo lilitokea wapi? Nasikia mzee mmoja aliyekuwa anahudumiwa na mwenzao alikuwa na picha ya nyangumi ukutani, wakaanza kubishana kama kweli kiumbe anaweza kuwa mkubwa hivyo. Na watu wetu kwa ubishi unawajua.

Dereva alikuwa jirani wa mlango wa pili, baba mmoja Mkenya wa Eldoret, mtu wa utani usioisha. Tunaondoka Ijumaa, tunalala kwenye moteli yenye mazulia yanayonuka unyevu, asubuhi tuko bandarini. Na hapo ndipo lilipokuwa kosa letu, kosa ambalo sidhani kama kuna watu wengine duniani wangelifanya. Hatupandi boti mpaka tumekula. "Msafiri haondoki na tumbo tupu," mama alikuwa anasema, anawasha jiko la gesi palepale paking. Maziwa mazito, tangawizi, iliki, sukari ya kunatisha midomo. Chapati za mafuta, mayai ya kuchemsha, kuku wa jana. Wazungu wanapita na vibiskuti vyao vikavu wanatushangaa, na sisi tunawahurumia, tunadhani hawana wa kuwapikia.

Boti ikishatoka tu, hali ya hewa ya kule inaanza vituko. Mama alisema inafanana na msimamizi wake wa kazi: asubuhi anakuchekea, saa sita kakununia na hujui umekosa nini. Jua linawaka, unavua sweta. Hujamaliza kulikunja, ukungu umeshuka huoni hata bendera ya boti. Mvua ya kuchoma kama sindano, jua tena, halafu upepo, na boti inapanda na kushuka. Chai nayo inapanda. Kila mwaka nusu ya watu wetu waliishia chini, kwenye chumba cha ndani, nyuso ndani ya mifuko ya kutapikia, na mama katikati yao anafuta midomo na kusugua migongo kama yuko zamu. Nyangumi juu, mama chini. Tuliporudi nchi kavu tulilaumu bahari, tukamlaumu nahodha, mwaka mmoja tukamlaumu shetani. Chai haikutajwa hata siku moja.

Sasa, bibi yangu kule Njombe alikuwa mchokozi. Mama alimsimulia kwenye simu kwamba huku kuna samaki mkubwa kuliko nyumba, anatoka majini anapumua kama mtu. Bibi akamuuliza, "Umemwona wewe, au umeambiwa?" Mama alikuwa ameambiwa tu. Kila Jumapili bibi anarudia swali lake, anacheka kwa mapengo yake, na mama anacheka naye, lakini akikata simu anaosha vyombo vilivyo safi. Ilimuuma. Mtu ametoka kwao, amekaa miaka bila kuwaona wazazi, halafu hata kitu kimoja cha ajabu hana cha kumpelekea mama yake.

Mwaka ule, nilikuwa darasa la sita, kina mama wakaamua kuhusu mama yangu: leo huyu hashuki chini kuuguza watu. Atakayeugua ajifute mwenyewe. Wakamvalisha koti jekundu la kuazima, akajicheka, akazungukazunguka pale paking ya bandarini kama msichana wa kipaimara. Na katika furaha hiyohiyo jirani, kikombe mkononi, akasema taratibu, "Mama, usikasirike. Hii chai yako ni tamu, lakini mimi naona hii ndio hutumaliza huko kwa maji. Si bahari."

Nikaona uso wa mama umeshuka, kidogo tu. Mimi mtu akimgusa mama yangu sioni tena mbele. Nilikuwa hivyo, niko hivyo, na sijui nitaponea wapi. Nikamuuliza kwa Kiingereza, nilivyokuwa nawajibu wakubwa wote enzi hizo, kama tumbo lake bovu ni kosa la mama yangu. Mama akanikemea, "Shika adabu, huyo ni baba yako." Ndio nikazidi. Nikachota kikombe, nikakimaliza nimemkazia jirani macho. Nikachota kingine. Nikala chapati juu yake, na mayai, nikachota tena. Nikatangaza kwamba leo watu wataona kama chai ya mama yangu inamdhuru mtu.

Wengi walikuwa wameshaingiwa na wasiwasi, wakaviweka vikombe chini. Siku hiyo karibu hakuna aliyeugua. Isipokuwa mimi.

Nilijikaza mpaka ukungu uliposhuka na boti ikaanza kuyumba, halafu nikakimbia chini, nikidhani hakuna aliyeniona. Mama aliniona. Nilipoinua uso kutoka kwenye mfuko, koti jekundu lilikuwa limepiga magoti mbele yangu. "Toa yote, mwanangu. Usiogope."

Ndipo juu kukalipuka kelele. Miguu ikakimbilia upande mmoja, boti ikainama, tukasikia kina mama wanamwita mama kwa jina, njoo, njoo, nyangumi yuko hapa. Mama akatazama ngazi. Akanyanyuka, kweli, goti moja likaacha sakafu. Na mimi, mtetezi wake, nikaushika mkono wa koti nikang'ang'ania. Nilimng'ang'ania tu. Akashuka tena, akanishika paji la uso, akaegemeza kichwa chake kwenye ukuta wa boti.

Tulipofika bandarini jirani aliniletea maji, akanifungulia kizibo. Hakunicheka. Angenicheka ningepata pa kuzipeleka hasira zangu.

Jumapili tukiwa njiani kurudi, mama akapiga simu, kama kawaida yake. Sote tulisikia, simu ilikuwa kwenye spika. Bibi akauliza lile lile swali lake. Nikajifunika sweta, nikajifanya nimelala.

"Sikumwona, mama," akasema. "Nilimsikia. Nilikuwa nimeegemea ukuta, yeye yuko upande wa pili, anapumua. Taratibu. Kama ng'ombe usiku."

Bibi akasema, "Basi yupo."

Hiyo ilikuwa safari ya mwisho. Jirani alihamia Texas, wengine wakapanga nyumba Gaithersburg, mji mwingine, wengine kazi ziliwabana, kikundi kikabaki meseji za sikukuu na misiba. Bibi tumeshamzika, na mama alimzika kwa simu, hakuweza kwenda. Nimemwambia mara nyingi nitampeleka kaskazini, mimi naendesha, nitalipa, hatutakunywa kitu. Ananiambia magoti yake hayawezi tena ngazi za boti, kisha ananiuliza kama nimekula.

Bibi aliwasimulia kijiji kizima habari za yule mnyama, na watoto wa kule wanazisimulia mpaka leo, jinsi anavyopumua. Mimi ninachokumbuka ni kwamba ndani ya kile chumba palikuwa na kelele za injini, na miguu ya watu juu, na mimi nahema kwa nguvu mikononi mwa mama. Alichosikia mama ni nyangumi, au ni mimi, sijawahi kumuuliza.