Ukungu Kwenye Gemu ya Fanueli

Kaka yangu Fanueli alikata mkonge miaka kumi na tisa. Shamba la mkonge lilipouzwa kwa wenye mtaji, wafanyakazi wakapunguzwa, naye akarudi Same na godoro tu. Namshukuru Mungu hakushika pombe. Alishika gemu.

Ya kwanza ilikuwa ya kaseti, mwaka tisini na tano. Alifungua banda la kuchezesha gemu kwa malipo karibu na stendi. Picha za gemu hiyo zilikuwa vidotidoti, kamtu kanaruka kama panzi, lakini watu walijaa mpaka mlangoni. Jumamosi alilifunga, maana sisi ni Wasabato, hata vijana wamwombe vipi.

Ikaja ya sidii. Wachezaji wa mpira sasa walikuwa na mabega, ingawa nyuso zao zilikuwa kama kreti za soda. Fanueli aliinunua mapema kuliko wenzake. Baada ya miaka michache akaanza kulalamika: "Mdogo wangu, mashine hii imechoka. Picha ina ukungu kama kwetu Bombo milimani mwezi wa saba." Nikatazama. Mimi niliona vizuri, ila nikajiambia, mimi mtu wa jembe, gemu nitaijulia wapi?

Akaitaka ile mpya, Plei Stesheni ya pili. Tukauza shamba la baba kule Bombo, na sahihi yangu ipo kwenye hati ya mauzo.

Siku ilipowashwa, vijana walibanana mbele ya kioo. Hakika ilikuwa nzuri. Nyasi zilisimama moja moja, jasho la mchezaji likimeremeta shingoni. Habibu, fundi baiskeli wa jirani, akapiga makofi: "Mzee Fanueli, umetuletea Ulaya yenyewe! Hebu ona hilo jasho!"

Kaka akasogea mpaka pua ikagusa kioo. "Bado ina ukungu."

"Ukungu upi, mzee? Au unataka watoke humo wakupe mkono?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Akakifuta kioo kwa shati, akafuta tena, akapapasa kwa kiganja. Ndipo kicheko kikakatika.

Hospitalini daktari alisema ni presha ya macho, imemla miaka mingi, angewahi, ingezuilika. Kilichopotea hakirudi. Nilisali njia nzima ya kurudi, yeye hakuitikia amina.

Tulipofika bandani akaniomba nimweleze zile nyasi zilivyo.

"Ni za kijani, kaka."

"Hata za ile ya kaseti zilikuwa za kijani," akasema, akageukia ukutani.