Vishikio Vipya vya Pikipiki Yangu

Namshukuru Mungu kwa kunipa Habiba, maana mke mwingine angenitimua siku ile ile.

Mimi ni mwendesha bodaboda hapa Garsen, na kwa jua letu, usukani huchoma viganja. Asubuhi moja nikaona kwenye kamba ya nguo vitambaa viwili vipya, vinene, vya maua, vyenye mbawa za vifungo. Nikavifunga kwenye usukani. Vikakaa kama vilishonewa pale! Nikaenda navyo Kipini na kurudi, nikawatambia wenzangu stejini: "Jasho lote hili, halipenyi!"

Jioni watatu wakanifuata nyumbani. "Shemeji, tushonee na sisi."

Habiba alitazama usukani, akanivuta ndani. "Zile ni pedi zangu za hedhi," akaninong'oneza. "Nilichagua nene kwa sababu damu yangu hutoka nyingi. Nilizifua tu, hata sijazivaa."

Kisha akatoka, akawaambia kwa upole, "Kitambaa kimeisha, mashemeji."

Nikashusha pumzi. Alikuwa amenisitiri.

Mmoja wao, Bakari, mkubwa wetu stejini, akayabonyeza yale maua taratibu.

"Hata mke wangu anazo," akasema. "Ila yeye hazifungi kwenye pikipiki."