Mbuni Marehemu

Pale Mlowo, ukisikia sauti ya Hezron unashika kichwa kwanza, halafu ndiyo unauliza ni nani. Miaka sita amezunguka na pikipiki yenye spika nyuma akitangaza vifo, na kila sentensi yake hushuka mwishoni kama jeneza linaloteremshwa kwa kamba. Siku aliyotangaza bei mpya ya mbolea, watu walilia. Wengine, kusema haki, walililia bei.

Sasa, saa nne asubuhi, alikuwa chumbani kwake amejifunika blanketi kichwani ili kelele za barabarani zisiingie kwenye simu. Jasho lilimchuruzika. Alikuwa akijirekodi akisoma somo la wakulima wa kahawa. Judith, mtayarishaji wa vipindi vya redio kule Mbeya, alishamrudishia rekodi mbili. Ya kwanza alisema inasikitisha. Ya pili aliisikiliza na mama yake, na mama akauliza mazishi ni lini. Ya tatu ilitakiwa kabla ya saa sita, na ndiyo ya mwisho. Ikishindikana, masomo yote arobaini anapewa mtu mwingine.

Hezron aliyataka masomo hayo kuliko kitu chochote. Mwezi uliopita alimtangaza baba yake mzazi, na watu wakaja kumpongeza kwa kusoma vizuri. Tangu siku hiyo, kila akiwasha ile spika anatamani kuizima.

"Mbuni mzee," alianza upya, "uliotulisha miaka thelathini, leo tunaukata."

Akajisikiliza. Msiba mtupu. Judith alikuwa amemshauri asome huku anatabasamu, naye akatabasamu. Ikatoka sauti ya mrithi. Akarudia mara nane. Mara ya tisa, mlango ukagongwa.

Nje walisimama wanawake watano, kanga viunoni. Mmoja alikuwa na mzigo wa kuni, mwingine ndoo ya unga. Mbele yao Bibi Ketrina, mama mwenye nyumba, macho yameshaiva. Maneno hawakuyapata kupitia ukutani, sauti iliwatosha.

Hezron akaapa kwamba hakuna aliyekufa. Hawakumwamini. Mtangaza vifo akianza kukataa kifo, basi marehemu ni mtu mkubwa. Ikabidi awaonyeshe karatasi.

"Ni kahawa, bibi. Mbuni mzee unakatwa ili uchipue."

"Unakatwa wapi?" Bibi Ketrina alifuta machozi kwa hasira, kama mtu aliyeibiwa. "Wangu nilikata, ukakauka."

"Ulikata juu sana. Shuka chini, ibaki sentimita thelathini tu. Na mkato uwe wa mshazari, maji yasituame."

"Halafu nikae njaa mpaka lini?"

"Unaacha machipukizi mawili, matatu. Mwaka wa pili unachuma, bibi."

Hezron akajishtukia. Sentensi saba nzima, na hakuna aliyezikwa. Akamkalisha bibi kizingitini, akamwomba amuulize kwa macho tu, akawasha simu na kumsomea somo lote usoni. Akatuma.

Wanawake wakaondoka na kuni zao, Bibi Ketrina akiwasindikiza, wamenuna kidogo, maana walishajiandaa. Hezron akabaki anaikodolea simu macho. Tiki mbili. Zikageuka bluu. Judith akaanza kurekodi, akaacha. Akaanza tena, akaacha. Hatimaye jibu likaingia.

"Kaka Hezron, hii ndiyo. Ila kuna mtu anakohoa mwanzo hadi mwisho. Mtoe, urudie hivyo hivyo. Una nusu saa."

Alijaribu peke yake. Sentensi ya kwanza tu, jeneza likashuka. Akatoka mbio hadi barabarani. Wale wanawake walishafika mbali.

"Bibi Ketrina," aliita.

Barabara nzima ikasimama. Fundi viatu akavua kofia. Wanawake wakafunga kanga upya, wakageuka.

"Nani tena?" Bibi Ketrina akauliza kwa sauti iliyokauka.

"Mimi," Hezron akajibu huku anahema. "Rudi unisikilize. Njiani nunua pipi ya kifua."