Hitima ya Baba na Mama

Siku ile uani kwetu Temeke tulikuwepo mimi na wadogo zangu wawili, kungwi wa mtaa, mwalimu wa madrasa na wanafunzi wake wakubwa, mchonga vinyago kutoka kusini, majirani wanawake waliokuwa wakipika pilau, na askari kanzu mmoja ambaye hakualikwa na mtu.

Uhuru ulikuwa bado. Kufanya mkutano wa chama bila kibali kulikuwa na kifungo, lakini hitima haikuhitaji kibali. Ndiyo maana kungwi, aliyekuwa akiwahamasisha wanawake wajiunge na chama, alinijia jikoni akaniuliza, "Mwanangu, marehemu wazazi wako walisomewa hitima?"

"Bado, bibi. Sikuwa na cha kuwapikia watu."

"Basi tutachanga mchele tuwasomee. Tukimaliza, tutazungumza yetu."

Nilikubali kwa hofu. Nyumba ilikuwa yetu, na mkubwa wa nyumba nilikuwa mimi. Nilikuwa nimeacha shule ili niwalee wadogo zangu. Nikifungwa, hawakuwa na mwingine.

Mwalimu akagawa juzuu za Kurani ili isomwe yote, kisomo kikaanza. Hawakufika mbali, yule askari akaingia. Tulimjua kwa kanzu yake, bado ina mikunjo ya dukani. Mwalimu akakatisha kisomo, akaingia kwenye dua ili mgeni ale aondoke. Wote tukaitika, "Amina." Mchonga vinyago, ambaye alizoea mikutano kuliko hitima, akaitika kwa sauti nene, "Uhuru!"

Mdogo wangu wa mwisho alinishika kanga.

"Tuwie radhi, bwana," kungwi akasema. "Huyu Mkristo. Kwao wakimaliza kusali huitika hivyo."

"Mie pia Mkristo, mama," askari akajibu. "Sie tunaitika amina."

"Mkristo, na kanzu hiyo? Basi imekukaa."

Wanawake wakaficha vicheko ndani ya kanga. Askari hakucheka. Alinigeukia mimi.

"Hitima ni ya nani?"

"Ya baba na mama."

Akawatazama wadogo zangu kwa muda. Kisha akaomba sahani, akala, akanawa. Mlangoni alimwambia mchonga vinyago, "Jifunze kuitika, braza," akaenda zake.

Kungwi akasimama, akanionyesha kwa mkono. "Mtoto huyu aliacha shule. Wanaotutawala hawajui hata kama yupo. Mimi nataka waamue wanaojua kuwa yupo." Hata waliofuata pilau tu walichukua kadi za chama siku ile. Nami nilichukua.

Mwalimu alikuwa akikusanya juzuu ambazo hazikusomwa. "Wazazi wako tumewaacha njiani," akaniambia. "Tutawamalizia."

Uhuru ukaja, kisha miaka ya Ujamaa, na mikutano ikawa ya wazi kila wiki. Wadogo zangu walisoma. Kila nilipokutana na mwalimu aliniambia, "Sijasahau," nami nilijua kweli hajasahau. Sasa yeye na kungwi wametangulia. Wao nao ni wa kusomewa, na baba na mama bado hawajamaliziwa yao.