Bisibisi ya Fundi wa Modena

Fundi yule wa magari, pembezoni mwa mji wa Modena, Italia, hazungumzi injini ikiwaka. Hufuta mikono kidole kimoja kimoja, akagusisha ncha ya bisibisi ndefu kwenye chuma, akabana mpini wake sikioni, kisha akafumba macho kama mtu anayesikiliza umbea mtamu. Daktari Ottorino, bingwa wa meno na, kwa madai yake mwenyewe, bingwa wa magari ya mbio, alimletea gari lake jekundu Jumamosi moja asubuhi. Mafundi wawili walikwisha kuifungua injini wasione kitu.

"Ni valvu hiyo," daktari alisema. "Nikikanyaga mafuta tu, tak-tak-tak! Sikio langu halidanganyi, mzee."

 Fundi alisikiliza injini juu, ubavuni na chini. Akaliendesha gari peke yake mpaka darajani na kurudi, na ile tak-tak haikusikika. Akampakia daktari, wakaenda tena, na sauti ikaja.

"Umeisikia? Si nilikwambia!" daktari alishangilia.

Fundi akaegesha kando ya mizabibu, akakanyaga mafuta kidogo, na taratibu akagusisha ncha ya bisibisi kwenye taya la daktari. Akafumba macho. Daktari, aliyezoea kuwa yeye ndiye mshika chuma, alikodoa macho asithubutu kutikisika. Fundi akazima injini.

"Gari lako ni zima, daktari. Hayo meno yako ya bandia ndiyo yamelegea. Katafute daktari mzuri akubanie."

Ottorino akayapapasa meno kwa ulimi. Meno yale alikuwa amejitengenezea mwenyewe.