Mitalawanda Yangu Isiyoazimwa

"Vua mitalawanda yangu!" nilimwambia jirani yangu Ijumaa iliyopita, pale msikitini tunapotawadhia.

Alicheka na miguu yake imo ndani ya viatu vyangu hivyo vya mbao. "Tangu lini mitalawanda ya msikitini ikawa na mwenyewe? Choyo hicho, shekhe."

Si choyo. Niliichongesha kwa fundi kwa amri ya hospitali. Chunjua liliniota unyayoni nikawa nnakwenda upande upande kama kaa, na kila nikilikata kwa wembe yanazuka mengine. Nesi aliyenitibu, Mungu amjaze kheri, alinifokea: "Wembe tupa, baba! Roweka mguu maji ya vuguvugu, sugua taratibu kwa jiwe lako peke yako, upake dawa hii kila siku bila kuchoka. Na mitalawanda ya watu usivae."

"Hata msikitini?"

"Chunjua halichagui pahala, baba."

Nilichukia, lakini nilimtii. Leo nnasimama rakaa zote kwa nyayo mbili, na kila nikitoa salamu humwombea dua.

Nilipomweleza jirani hayo, alivua mtalawanda mmoja. Akaegemea ukuta, akauinua unyayo wake. Chunjua lilikuwapo, limekaa kisiginoni, lina vidoadoa vyeusi.

Sisi tunaona haya kumnyima mtu mitalawanda, hatuoni haya kumwambukiza maradhi. Nimemwelekeza kwa nesi yule yule, naye atamshukuru kama mimi. Lakini nililomwambia mbele ya watu nalirudia hapa: hiyo uliyovaa ishakuwa yako. Mimi niletee mipya.